Kamera Inayoingia Mfukoni

Mwanangu, siku niliyonunua kamera yangu ya kwanza naikumbuka kama jana, na kosa nililofanya siku hiyo nalikumbuka vizuri zaidi. Umeniandikia ukiniuliza ununue kamera gani kabla hamjahamia Kisumu na mtoto, na umesema mume wako anaitaka ile kubwa yenye lenzi za kubadilisha. Ningeweza kukujibu kwa mstari mmoja. Lakini jibu la mstari mmoja ungelisahau kabla hujafika dukani, kwa hivyo tafuta mahali ukae, mpakate mtoto, unisikilize.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Uhuru ulikuwa umepatikana miaka michache tu nyuma, na mimi nilikuwa mpagazi hapo Naro Moru, nikibeba mizigo ya watu waliokuja kupanda Mlima Kenya. Kazi hiyo ilinifundisha uzito. Hata leo ukinipa begi nitaliinua mara moja nikuambie kama litakuchosha kabla ya saa sita au baada. Niliwaona wapandaji wakianza safari wamejipakia kila kitu, na kufika siku ya pili wanaanza kuniomba niwasaidie hiki na kile. Kitu cha kwanza kuniachia, karibu kila mara, kilikuwa kamera. Ilikuwa inawagonga kifuani kwa kila hatua, basi wananivisha mimi shingoni. Baadaye mawingu yanafunguka, kilele kinaonekana, wanaanza kuniita, nami niko huko nyuma na mzigo. Nikifika, mawingu yamefunga tena.

Niliyaona hayo msimu baada ya msimu. Ungefikiri nilikuwa nimejifunza.

Nilipopata akiba ya kutosha nilishuka Nyeri mjini, kwenye duka la picha la Bwana Kanti. Huyo alikuwa Mhindi aliyezaliwa hapo hapo Nyeri, na Kikuyu chake kilikuwa safi kuliko Kiswahili chake. Aliweka kamera mbili juu ya meza. Moja ilikuwa kubwa, nyeusi, na sanduku lake la ngozi lenye mikanda minne, na stendi ya miguu mitatu. Nyingine ilikuwa ndogo hivi, ungeifunika kwa kiganja.

"Wewe iko na kazi ya mlima," akaniambia. "Chukua hii ndogo. Utaitumia kila siku."

"Hiyo ni ya akina mama," nikamwambia.

Hakubishana. Alinitazama nikijaribu mkanda wa ile kubwa begani, nikijigeuza mbele ya kioo chake, akatabasamu kidogo tu. Nilitoka hapo nikitembea katikati ya barabara, ati ndio watu waone sanduku. Na waliliona. Hadi nafika stendi ya basi, watu watatu walikuwa wameniuliza kama mimi ni wa gazeti. Sikuwakatalia, mwanangu. Nilisema, "Bado."

Sasa, safari ya kwanza ya kamera hiyo ilikuwa safari ya kwetu wenyewe. Dada yangu mkubwa, shangazi yako Wambui, alikuwa ameolewa kule Wang'uru kwenye mashamba ya mpunga, na alikuwa amejifungua mtoto wa pili wa kiume. Unajua desturi yetu: mtoto wa pili wa kiume huitwa jina la baba wa mama. Kwa hivyo mtoto huyo alikuwa Ndiritu, kama baba yangu, na baba alikuwa hajamwona. Miezi mitatu alikuwa akiuliza kila mtu atokaye upande ule kama mtoto ana masikio makubwa. Baba alikuwa na masikio makubwa.

Babu yako hukumjua, kwa hivyo nikueleze. Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni kabla ya Uhuru, alichukuliwa nikiwa mtoto, akakaa kizuizini miaka minne, akarudi na mguu mmoja usiokunjika vizuri. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu aliyenyamaza. Alilima, alienda kanisani, alijibu akiulizwa. Kicheko chake mimi sikukijua. Mama alisema alikuwa nacho kabla.

Tuliondoka nyumbani kwetu karibu na Karatina asubuhi, baba, mama na mimi. Mama alikuwa na kiondo cha viazi na maharagwe, na kulikuwa na mkungu wa ndizi wa kumpelekea mzazi. Mimi nilikuwa na sanduku la kamera begani na stendi mkononi. Unaona nani alibaki kubeba mkungu? Baba yangu, na mguu wake ule, kutoka nyumbani hadi barabarani, na tena kutoka stendi ya basi ya Wang'uru hadi kwa dada, kwenye joto la kule chini ambalo sisi wa juu hatulizoei. Mimi mpagazi, kazi yangu kubeba, nilitembea mbele nikimwambia achunge asiguse sanduku.

Tulimkuta Wambui amekaa nje, mbele ya nyumba ya mabati, karibu na mfereji wa maji. Alipotuona aliinuka, akaja moja kwa moja kwa baba, akamwekea mtoto mikononi. Baba aliketi polepole kwenye kigoda, akamgeuza mtoto upande, akamtazama sikio. Mtoto naye akanyoosha mkono, akalishika sikio la baba, akalivuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Na baba akacheka.

Kilikuwa kicheko cha juu, chembamba, kama cha kijana. Mama alisimama na kiondo mkononi akasahau kukiweka chini. Wambui alijifunika mdomo kwa leso. Na mimi? Nilikuwa nimepiga magoti chini nikifungua mkanda wa pili wa sanduku. Ilibaki miwili. Kisha stendi, ambayo miguu yake ilikuwa inazama kwenye udongo laini, nikatafuta mawe ya kuitegemeza. Kisha nikapima mwanga. Nilipoinua kichwa, mtoto alikuwa amerudishwa kwa mama yake na baba alikuwa anakunywa uji.

Ningeacha hapo, kosa langu lingekuwa dogo. Lakini nilikuwa nimebeba ile kamera kutoka juu hadi chini, na nilitaka picha yangu.

"Baba," nikamwambia, "hebu simama pale ukutani. Usitingishike. Ngoja nikuambie."

Aliweka kikombe chini. Akaenda. Akaegemeza mgongo kwenye mabati, akainua kidevu, akanyoosha macho mbele kama mtu asiyeona chochote. Mikono yake ikapanda yenyewe hadi kifuani, yote miwili sawasawa, vidole vimekunjwa kama vimeshika kitu. Lakini hakuwa ameshika kitu.

Halafu akasema, "Tayari, bwana."

Nyumbani kwetu tuliongea Kikuyu, mwanangu. Baba hakuwahi kuniambia jambo lolote kwa Kiswahili maishani mwangu. Maneno hayo mawili aliyasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sikuijua, na aliniambia mimi, mtoto wake.

Niliona kwamba kuna kitu hakiko sawa. Nataka ujue hivyo, sitaki kukudanganya. Niliona, na nikabonyeza.

Baba alirudi kwenye kigoda chake, lakini hakumwomba mtoto tena. Alikula kidogo, akasema mguu unamuuma, akaingia ndani kulala jua likiwa bado juu. Mama aliniita mferejini nimsaidie kuosha sufuria. Nilijua si sufuria.

"Wewe ulikuwa unachunga mbuzi bado," akaniambia, bila kunitazama. "Baba yako amepigwa picha mara moja tu kabla ya leo. Walipomfikisha kule kizuizini. Walimsimamisha ukutani, wakampa kibao chenye nambari akishike hapa." Akaweka mkono uliolowa maji kifuani pake. "Aliniambia walimsimamisha muda mrefu sana kwa sababu mwenye kamera alikuwa hajawa tayari."

Nilisema sikujua.

"Ndiyo, hukujua," mama akasema. "Lakini macho uko nayo." Akanipa sufuria nyingine.

Wiki iliyofuata nilipeleka filamu Nyeri ikaoshwe. Bwana Kanti alizipanga picha juu ya meza moja moja. Nyingi zilikuwa za nyumba na mashamba ya mpunga, safi kabisa, na hakuna mtu ndani yake. Alipofika kwa ile ya baba aliiinua. Akaigeuza upande wa dirisha.

"Huyu nani?"

"Baba yangu."

Aliitazama tena. Sikuwa nimemwambia lolote, lakini alikuwa mtu wa Nyeri. Alikuwa hapo mjini miaka hiyo yote, na nadhani alikuwa amewaona wengine wakisimama hivyo. Akaitia kwenye bahasha peke yake, mbali na nyingine.

"Kijana, mimi napiga watu picha tangu niko mdogo," akasema. "Watu hawaogopi picha. Wanaogopa kungojea. Ukimwambia mtu ngoja, simama, usitingishike, anakwenda mbali. Unapiga koti lake tu."

Akavuta droo, akaitoa ile kamera ndogo, akaitia mwenyewe kwenye mfuko wa koti langu. Akaniambia nirudi nayo mlimani wiki mbili bila filamu. Bila filamu, mwanangu! Nilidhani ananicheka. Akasema nijifunze kuitoa, kuipima umbali kwa macho, kuibonyeza na kuirudisha mfukoni, mpaka mikono ijue kazi hiyo bila mimi kuangalia. Kwa sababu siku ambayo mikono inajua, mtu hatangojea. Ile kubwa aliirudisha kwake, tukabadilishana, na hadi leo naona alinionea huruma.

Nilifanya alivyosema. Nilibeba mizigo ya watu mgongoni na kamera tupu mfukoni, na kila tulipopumzika nilihesabu hatua kwa macho: lile jiwe ni hatua sita, yule mzungu ni hatua tatu, moto ni mbili. Wenzangu walifikiri baridi imenipanda kichwani. Kufikia wiki ya pili nilikuwa naitoa na kuirudisha kabla mtu hajamaliza kufunga kamba ya kiatu, hata vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Lakini kabla ya kumpiga mtu yeyote picha, kulikuwa na bahasha.

Nilimkuta baba shambani anapalilia kahawa. Nikampa bahasha yenye ile picha na filamu yake pamoja, nikamwambia, "Baba, nisamehe. Niliona umebadilika, na nikabonyeza hata hivyo."

Aliitoa, akaiangalia kwa muda. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Nilikuwa natamani anigombeze.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Sikujua. Lakini niliona."

"Basi siku nyingine ukiona," baba akasema, "wacha."

Akaichana picha vipande vidogo, na ile filamu pia, akavifukia kwa jembe chini ya mkahawa, akaendelea na palizi. Nimepewa mashauri mengi maishani, kanisani na barazani, na hakuna lililonikaa kama hilo neno moja.

Nikaona nisimfiche kitu. Nikatoa kamera ndogo nikamwonyesha. Aliishika, akaipima uzito kwenye kiganja, akaigeuza huku na huku.

"Hii ni kamera ama ni kipande cha sabuni?"

"Ni kamera, baba."

"Inaona?"

"Inaona vizuri kama ile kubwa."

Akanirudishia. "Sawa. Ukitaka kunipiga, nipige. Lakini usiniambie nisimame."

Wakati wa mavuno ya mpunga tulirudi Wang'uru kumsaidia Wambui na mume wake. Mara hii mkungu niliubeba mimi, na kiondo nikakibeba mimi, na kamera ilikuwa kwenye koti wala sikuikumbuka njiani. Siku ya kwanza sikuitoa. Nilifanya kazi, nikala, nikaongea na shemeji yangu habari za maji na ndege wanaokula mpunga.

Siku ya pili, yapata saa nne asubuhi, mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye mikeka mbele ya nyumba. Ndiritu mdogo alikuwa ameshaanza kukaa na kutambaa. Alitambaa akaingia katikati ya mkeka, akajaza ngumi mpunga, akamrushia babu yake usoni. Baba alikuwa ameketi pembeni, mguu wake umenyooka. Akajipangusa. Akateka mpunga kidogo akamrushia mtoto. Mtoto akapiga kelele za furaha, akajaza ngumi zote mbili. Mama akatoka jikoni akiwagombeza wote wawili, "Nyinyi! Huo ni wa kula!" na baba, mtu mzima na nywele zake zina mvi, akachota mwingine akamrushia mama.

Nilikuwa hatua nne kutoka hapo, na reki mkononi. Sikufikiri. Mkono ulienda mfukoni, ukatoka, nikabonyeza mara moja, ukarudi. Hakuna aliyegeuka. Kisha nikaendelea kugeuza mpunga, kwa sababu ulikuwa unahitaji kugeuzwa, na kwa sababu nilitaka kuwaona kwa macho yangu pia.

Picha hiyo imeinama kidogo upande wa kushoto. Mkono wa mama umeingia pembeni, umekatwa kwenye kiwiko. Mtaalamu angeipata na makosa. Lakini baba yuko pale, mdomo wazi, punje za mpunga zimeshika kwenye nywele na ndevu, na mtoto mwenye jina lake ameinua ngumi mbele yake. Bwana Kanti aliikuza mara mbili bila mimi kumwomba. Baba alipoiona alikaa nayo mlangoni penye mwanga.

"Kumbe nimebakiwa na meno machache hivi," akasema.

Kisha akaomba nyingine. Moja ikakaa nyumbani na moja ikakaa kwenye mfuko wa koti lake la Jumapili. Aliionyesha watu sokoni Karatina, aliionyesha kanisani kabla ya ibada, aliwaonyesha watu ambao walikuwa wameiona wiki iliyopita. "Huyu ni mimi," angesema, akigusa mtoto. "Na huyu pia ni mimi." Mama alisema mume wake alikuwa amerudi nyumbani. Wakati huo ilikuwa imepita karibu miaka kumi tangu arudi.

Aliishi miaka sita baada ya hapo. Tulipomzika, wengine walikuwa wanazunguka wakitafuta picha nzuri, ya koti na tai, ya kuweka mbele ya watu. Mama alikataa. Aliiweka hiyo ya mpunga kwenye meza, na watu waliokuja na nyuso nzito walikuwa wakifika mbele yake wanatabasamu kabla ya kujizuia.

Basi, mwanangu, sasa nikujibu.

Nunua ndogo. Ukiwa dukani usiiangalie kwenye kabati la kioo. Itie kwenye mfuko wa koti au kwenye ule mkoba wako wa nepi, utembee nayo hadi mlangoni na kurudi. Ukiisikia, ni nzito. Ijaribu ukiwa umevaa miwani yako, na ijaribu kwa mkono mmoja, maana huo mwingine utakuwa na mtoto kwa miaka kadhaa. Uliza kama inapiga betri ikifa, kwa sababu betri hufa safarini. Chukua inayotumia filamu unayoweza kuipata hata kwa duka la mji mdogo kama Kerugoya, sio ya kuagiza Nairobi. Lenzi moja yatosha. Ukitaka mtu awe mkubwa kwenye picha, msogelee; miguu unayo. Na mume wako akisema hiyo ni ya akina mama, mwambie baba mkwe wake alisema hivyo hivyo, na mwulize kama anataka kujua kilichofuata.

Ukishaipata, ifanyie mazoezi kabla hujaitia filamu. Waombe watu ruhusa mapema, wakati hakuna kinachotokea, halafu uwaache waishi. Usimwambie mtu mzima asimame kama mti kwa sababu yako. Piga moja, mbili, halafu uirudishe mfukoni ule pamoja nao, maana mtoto wako atataka kumkumbuka mama aliyekuwa mezani, sio jicho moja nyuma ya kioo. Picha zikitoka, ziandike majina nyuma kwa penseli. Na siku utakapoona uso wa mtu umeondoka, wacha. Hata kama mwanga ni mzuri. Hata kama umebeba kamera kutoka mbali.

Wazee wetu walikuwa wakibariki kwa kujitemea mate kifuani, na kama ungekuwa hapa ningefanya hivyo usipoona haya. Kwa kuwa uko mbali, yapokee kwenye karatasi. Mungu anayekaa mlima huu awasindikize mpaka Kisumu na awarudishe. Mtoto wako akue, acheke mpaka majirani waulize kuna nini. Mikono yako iwe myepesi, nyumba yenu ijae watu, na wote utakaowapenda wakae karibu nawe, hatua nne tu, kwa miaka mingi.